Je, Wajua? Siku ya kwanza ya hija, kutoka Texas hadi Namugongo

Je, wajua kwamba uwanja wa ndege wa Dallas–Fort Worth umo ndani ya majimbo mawili ya Kanisa kwa wakati mmoja? Mpaka wa kaunti za Dallas na Tarrant unapita katikati ya ardhi yake. Kaunti ya Dallas iko chini ya Jimbo la Dallas, lililoundwa mwaka 1890, na Tarrant iko chini ya Jimbo la Fort Worth. Kwa hiyo mume na mke Wakatoliki, tuseme Wakenya au Watanzania waliohamia Dallas, wakitoka kwao kwenda kuhiji Namugongo, Uganda, walikouawa Mashahidi wa Uganda, huenda wakawa wameshavuka mpaka wa jimbo lao kabla hawajakabidhi mizigo. Ardhi ya uwanja huo, uliofunguliwa mwaka 1974, inakaribia kilomita za mraba 70. Kisiwa cha Mombasa kingeingia humo mara nne na nafasi ikabaki.

Aliyeligawa Jimbo la Fort Worth kutoka Dallas ni Papa Paulo VI, Agosti 1969. Mwanzoni mwa mwezi huohuo alikuwa Uganda, Papa wa kwanza aliye madarakani kukanyaga Afrika kusini mwa Sahara, na alifika Namugongo penyewe. Mwaka huo nauona kama fundo linaloziunganisha Marekani na Uganda. Juni ulifunguliwa uwanja mkubwa wa ndege wa Houston, hukohuko Texas. Tarehe 20 Julai watu wa kwanza walitua mwezini, wakiongozwa kutoka Houston. Siku 11 baadaye Baba Mtakatifu alikuwa Kampala.

Je, wajua kwamba Dominika inaweza kumponyoka hujaji akiwa angani? Siku ya Mashahidi wa Uganda ni tarehe 3 Juni, na mwaka 2024 iliangukia Jumatatu. Chukua wanandoa walioondoka Dallas Jumamosi tarehe 1 saa mbili usiku. Saa hiyohiyo Kampala ilikuwa saa kumi alfajiri ya Dominika, maana wakati wa kiangazi Uganda imeitangulia Texas kwa saa 8. Safari hiyo, pamoja na kubadilisha ndege Doha, Dubai au Ulaya, huchukua karibu siku nzima. Dominika yao yote imekwenda mawinguni. Kanisa limeliona hilo: Kanuni ya 1248 ya Sheria za Kanisa inasema wajibu wa Misa ya Dominika hutimizwa pia jioni ya siku iliyotangulia. Nami nawasihi wanaopanga safari hizi waanze na ratiba ya Misa ya Jumamosi parokiani, ndipo watafute tiketi. Nimeona watu wengi wakianzia kwenye bei ya tiketi, halafu wanaingia ndegeni na moyo mzito.

Msimamizi wa wasafiri wa angani ni Bikira Maria wa Loreto. Papa Benedikto XV ndiye aliyemtangaza mwaka 1920, kwa sababu mapokeo yanasema nyumba yake ya Nazareti ililetwa Loreto, Italia, ikibebwa na malaika.

Kuna hujaji wa Texas aliyekwenda mbali kuliko wote. Mwanaanga Mike Hopkins, aliyekuwa akifanya kazi na NASA huko Houston, alipokewa katika Kanisa Katoliki, kanisa la mke wake, muda mfupi kabla ya kurushwa kutoka Kazakhstan Septemba 2013. Kwa ruhusa ya Jimbo Kuu la Galveston-Houston alibeba hostia 6 zilizowekwa wakfu, kila moja imemegwa vipande 4. Jumla vipande 24, vya kumtosha wiki zote alizokaa katika kituo cha anga. Akiwa na kazi ya kutoka nje ya chombo, alikomunika kwanza. Ukisoma hayo huoni tena sababu ya kusema safari ndefu humtenga mtu na altare.

Tukirudi duniani, je, wajua kwamba siku ya kwanza ya hija ya Uganda huanzia kliniki? Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kinadaiwa kwenye uwanja wa ndege wa Entebbe kwa kila mgeni aliyetimiza mwaka mmoja, na chanjo huanza kuhesabika baada ya siku 10. Watoto waliozaliwa Texas na kubeba pasipoti ya Marekani wanahitaji viza, hata kama bibi yao anawangoja Masaka, Uganda.

Na wenyewe mashahidi, siku yao ya kwanza njiani ilikuwaje? Usiku wa kuamkia hukumu yao ya kifo kwa ajili ya imani, Mei 1886, huko Munyonyo, Karoli Lwanga, mmoja wao, aliwabatiza vijana waliokuwa bado wakatekumeni, na mdogo wao Kizito, wa miaka kama 14, alikuwamo. Kesho yake wakafungwa na kusukumwa kwa miguu kuelekea Namugongo. Wengine waliuawa siku hiyohiyo, hawakufika. Lwanga na wengi wa wenzake walichomwa moto tarehe 3 Juni. Mashahidi 22 Wakatoliki walitangazwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na kuna Waanglikana 23 waliouawa katika dhuluma hiyohiyo. Basilika ya Namugongo ina nguzo 22.

Mahujaji huteka maji kwenye bwawa la Namugongo na kuyapeleka nyumbani. Mzigo wa mkononi hauruhusu chupa ya kimiminika inayozidi mililita 100, kwa hiyo maji hayo husafiri ndani ya sanduku linalokabidhiwa, yamefungwa kwa mifuko miwili na kuviringishwa kwenye khanga. Ndiyo maana, usiku ule wa kufunga mizigo Dallas, mke huweka chupa tatu tupu katikati ya nguo.