Tone moja la jicho dhidi ya mdondo: Yanayotokea ndani ya mwili wa kuku baada ya chanjo

UKIPITA katika vijiji vingi vya Singida, Dodoma au Tabora wakati wa kiangazi, hukosi kumkuta mfugaji amesimama mlangoni mwa banda lake la kuku akiwa ameduwaa. Jana kuku watatu walijikunyata, mabawa yameshuka, kinyesi kimekuwa cha kijani. Leo wawili wamepinda shingo na mmoja amekufa. Baada ya wiki moja anaweza kubaki na majogoo mawili, au asibaki na kitu.

Huo ndio mdondo, ambao wengine huuita kideri na wataalamu wakauita ugonjwa wa Newcastle. Katika kundi ambalo halijawahi kuchanjwa unaweza kuua kuku wote au karibu wote. Kwa mama mwenye kuku 30 wa kienyeji, huo si msiba mdogo. Kuku hao ndio sare na madaftari ya watoto, ndio nauli ya kwenda hospitali, ndio kitoweo mgeni anapobisha hodi. Ikiwa kila mmoja angeuzwa kwa Sh15,000, zimepotea Sh450,000 ndani ya wiki moja, tena kwa mtu ambaye hana pengine pa kuzitoa.

Ugonjwa huu ulianza kuandikwa na wataalamu mwaka 1926, ulipozuka kisiwani Java nchini Indonesia na katika mji wa Newcastle upon Tyne huko Uingereza, ambako ndiko lilikotoka jina. Tangu hapo haijapatikana dawa ya kuutibu. Wafugaji wamejaribu mwarobaini, pilipili, shubiri na kila aina ya antibiotiki inayouzwa dukani. Antibiotiki huua bakteria, nao mdondo unaletwa na virusi. Anayenunua dawa hizo kutibu mdondo anatupa fedha, ingawa muuzaji wa duka huenda asimwambie hivyo.

Kinachobaki ni chanjo. Lakini wafugaji wengi wamechanja na kuku wakafa, wakaamua kwamba chanjo ni maji ya rangi tu. Malalamiko hayo si ya kupuuzwa, na jibu lake haliwezi kueleweka bila kwanza kutazama vita inayopiganwa ndani ya mwili wa kuku.

Mbio za siku chache

Kirusi cha mdondo huingia kwa njia ya pua, mdomo au jicho. Peke yake hakiwezi kuzaliana, hivyo hujishikiza kwenye seli ya kuku, kikapenya na kuigeuza kuwa kiwanda cha kutengenezea virusi vingine. Seli iliyoshambuliwa hutoa kemikali iitwayo interferoni, ambayo huzitahadharisha seli jirani zijifunge. Seli nyeupe za damu nazo hufika na kuanza kumeza wavamizi. Hawa ni sawa na sungusungu wa kijiji. Wanakuja upesi, wanamkabili yeyote, lakini hawamjui mwizi kwa sura.

Wanaomjua kwa sura ni askari wengine, seli za aina ya B na aina ya T. Seli za B hutengeneza kingamwili, chembechembe zinazokishika kirusi kabla hakijaingia kwenye seli. Seli za T huua seli ambazo tayari zimetekwa. Tatizo ni kwamba askari hawa, wakikutana na adui kwa mara ya kwanza, huchukua wiki moja hivi kabla hawajawa wengi wa kutosha. Mdondo mkali haungoji. Kuku huanza kuumwa siku tano au sita hivi baada ya kuambukizwa, na aina kali zaidi humuua siku chache tu baadaye. Jeshi linakuwa bado linakusanyika wakati mji umeshatekwa.

Hapa inafaa kueleza kwa nini aina nyingine za kirusi hiki huua na nyingine hazidhuru. Juu ya kirusi kuna protini ambayo lazima ikatwe na vimeng'enya vya kuku ndipo kirusi kiweze kuingia kwenye seli. Kwa aina kali, protini hiyo hukatwa na vimeng'enya vilivyomo karibu mwili mzima, kwa hiyo virusi huenea kwenye ubongo, ini, wengu na matumbo. Ndiyo maana shingo hupinda na kinyesi hubadilika. Kwa aina pole, protini hukatwa na vimeng'enya vilivyoko kwenye njia ya hewa na utumbo tu. Kirusi hicho kinaishia mlangoni, hakifiki vyumbani.

Chanjo hai za mdondo, zikiwamo La Sota na I-2, ni virusi pole vya namna hiyo. Huzaliana kidogo kwenye koo na macho ya kuku, askari wakapata muda wa kumsoma adui sura yake, na kuku akaendelea kudonoa kama kawaida. Baada ya wiki moja hadi mbili kingamwili zimejaa. Muhimu zaidi, baadhi ya seli za B na T hubaki mwilini kama kumbukumbu. Kirusi kikali kikija baadaye, hakihitaji kusomwa upya.

Si ajabu kwamba elimu hii imetokana kwa sehemu kubwa na kuku wenyewe. Juu ya tundu la haja la kila kifaranga kuna kifuko kidogo kiitwacho bursa, ambacho kwa muda mrefu hakuna aliyejua kazi yake. Katika miaka ya 1950 mtafiti wa Marekani, Bruce Glick, alikuwa amewaondolea baadhi ya kuku wake kifuko hicho. Mwenzake aliyehitaji kuku wa kufundishia wanafunzi akawachukua, akawadunga bakteria ili waonekane wakitoa kingamwili. Waliokuwa hawana bursa hawakutoa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1956, tena katika jarida la ufugaji wa kuku ambalo madaktari wengi wa binadamu hawakulisoma. Leo kila mwanafunzi wa udaktari hujifunza habari za seli za B, na herufi hiyo imetoka kwenye neno bursa.

Kwa nini jichoni

Mfugaji akiambiwa adondoshe tone moja tu kwenye jicho, moja kati ya mawili, hucheka. Dawa ya mwili mzima iwekwe jichoni? Sababu ipo. Nyuma ya jicho la kuku kuna tezi yenye seli nyingi za kinga, na mfereji wa machozi hushusha tone hadi puani na kooni, njia ileile anayoipita adui. Kinga inajengwa palepale langoni. Tone ni hilohilo kwa kifaranga na kwa jogoo, kwa sababu kirusi cha chanjo kitajizalisha chenyewe ndani.

Chanjo ya kwenye maji ya kunywa ni rahisi kwa mwenye kuku 500, ila ina mitego. Kuku mnyonge hufukuzwa kwenye chombo na hanywi ya kutosha. Maji ya bomba yenye klorini huua kirusi cha chanjo, na hapo mfugaji anakuwa amewanywesha kuku wake maji matupu. Kwa kuku wa kienyeji wanaolala kwenye mti au jikoni, kuwakamata alfajiri mmoja mmoja ndiyo njia ya uhakika.

La Sota inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, jambo gumu kijijini kusiko na umeme. I-2 ilitengenezwa katika Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia na timu ya Profesa Peter Spradbrow, kutokana na kirusi pole kinachostahimili joto, ikakusudiwa hasa kwa kuku wa vijijini. Hapa nchini huzalishwa na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) katika kituo cha Kibaha, mkoani Pwani. Mwaka 2025 serikali ilizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo ambayo kuku wa asili wamo. Hata hivyo, kustahimili joto si sawa na kutokufa. Chupa iliyoachwa juani kwenye baiskeli haina kazi, hata kama maandishi yake yanasomeka vizuri.

Waliochanja na kuku wakafa

Sasa turudi kwenye lile lalamiko. Mara nyingi mfugaji huchanja baada ya kusikia kuku wa jirani wanakufa. Wakati huo baadhi ya kuku wake tayari wana kirusi ingawa bado wanakula. Chanjo inahitaji wiki moja au zaidi, naye adui alishaingia juzi. Kuku wanakufa, chanjo inalaumiwa, na yule aliyekwenda kuchanja huonekana ndiye aliyeleta ugonjwa.

Kosa jingine liko kwa vifaranga. Kuku aliyechanjwa humpa kifaranga kingamwili kupitia kiini cha yai. Ni zawadi nzuri, ila humaliza nguvu zake katika wiki tatu za mwanzo au karibu na hapo, na kabla hazijaisha hukikamata hata kirusi cha chanjo. Ndiyo sababu kifaranga aliyechanjwa siku ya saba hurudiwa tena siku ya 21.

Kisha kuna Gumboro. Kirusi hiki hushambulia bursa ileile ya Bwana Glick, hasa kwa vifaranga wa wiki tatu hadi sita. Kifaranga aliyepona Gumboro anaweza kuonekana mzima, lakini kambi ya askari imebomolewa, na chanjo ya mdondo haipati wa kumfundisha. Pumba na mahindi yenye ukungu hufanya uharibifu unaokaribia huo kwa sababu ya sumu ya aflatoksini. Wapo wanaowalisha kuku mahindi yaliyokataliwa sokoni wakidhani wanaokoa gharama, halafu wanashangaa.

Na kingamwili zenyewe hushuka. Kwa I-2 kuku wa kienyeji huchanjwa kila baada ya miezi mitatu, si kwa ajili ya wale wa zamani tu, bali kwa sababu ndani ya miezi hiyo vifaranga wapya wameanguliwa ambao hawajawahi kumwona adui. Chupa moja hutosha kuku wengi, mara nyingi 100 au zaidi, hivyo mwenye kuku 12 hupata nafuu akichanga na majirani kumi na kuchanja siku moja. Siku nzuri ni zile kabla ya kiangazi kushika, wakati hakuna ugonjwa unaosikika.

Wafanyabiashara nao wana sehemu yao. Chanjo humzuia kuku asife, lakini haimzuii kila mara asibebe kirusi kikali na kukitoa kwenye kinyesi kwa siku kadhaa. Tenga lililobeba kuku wa vijiji vitano kwenda Dar es Salaam, likirudi bila kuoshwa, hurudi na ugonjwa. Vivyo hivyo kuku aliyekosa mnunuzi mnadani akarudishwa nyumbani jioni. Kuku mgeni atengwe wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wenyeji, na mnunuzi makini aulize tarehe ya chanjo kama anavyouliza bei. Anayechanja asijifikiche macho kabla ya kunawa, kwa kuwa kirusi hiki, hata cha chanjo, huweza kumwasha mtu macho kwa siku chache. Nyama na mayai ya kuku waliochanjwa hayana tatizo. Chanjo iliyokwisha kuchanganywa na kubaki haihifadhiwi kwa ajili ya awamu ijayo; huharibiwa siku hiyohiyo, na chupa yake hufukiwa mbali na watoto.