Paka wa Kisiwa cha Marion
Kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi, takriban kilomita 2,000 kusini-mashariki mwa Cape Town, kipo kisiwa cha volkano kiitwacho Marion, ambacho Afrika Kusini ilikitwaa mwishoni mwa 1947 na kujenga humo kituo cha hali ya hewa. Panya wadogo wa nyumbani walikwisha kuingia huko katika karne ya 19 kwa meli za wawindaji wa sili, na kwa kuwa waliwasumbua watu wa kituo, mwaka 1949 waliletwa paka watano wa kuwakamata. Uzao wao ulitoka kituoni ukaenea kisiwani na kugeuka paka shume, yaani paka wa ukoo wa kufugwa ambao huzaliwa na kujitafutia riziki porini bila kumtegemea binadamu, na kufikia 1977 walikadiriwa kuwa 3,400 hivi.

Panya peke yao wasingeweza kulisha jeshi hilo. Marion ni mazalio ya ndege wa baharini, na wengi kati yao ni petreli, ambao hutaga ndani ya mashimo ardhini, yai moja tu kwa msimu. Katika kisiwa ambacho hakikuwahi kuwa na mnyama wa nchi kavu mwenye kuwinda, adui wao alikuwa skua, ndege mkubwa mla nyama, na dhidi yake waliishi kwa kujificha shimoni na kutua kisiwani usiku. Kinga hiyo haikufaa kitu mbele ya paka, ambaye huwinda usiku uo huo na huweza kupenya shimoni hadi kwenye kiota. Katika miaka ya 1970 wanasayansi walikadiria kwamba paka hao waliua ndege wapatao 450,000 kila mwaka.

Mwaka 1977 viliingizwa virusi vya panleukopenia, ugonjwa wa paka unaoangamiza chembechembe nyeupe za damu na kuharibu utumbo. Njia hiyo ni katili, wala isingefaa mahali penye paka wa watu, lakini Marion haina wakazi wa kudumu, na virusi hivyo havidhuru ndege. Kufikia 1982 walibaki paka 615 hivi. Hata hivyo, waliosalia walijenga kinga ya mwili na kasi ya kupungua ikafifia, kwa hiyo kuanzia 1986 wawindaji walitumwa kuzunguka usiku na taa zenye mwanga mkali na bunduki za marisau, wakilenga pale macho ya paka yanapong'aa. Kadiri paka walivyopungua ndivyo kila mmoja alivyogharimu saa nyingi zaidi za kutafutwa, hata ikabidi kuongeza mitego ya chuma na vifaranga vya kuku vilivyotiwa sumu, mpaka paka wa mwisho alipopatikana mwaka 1991. Kwa maneno mengine, ile sehemu ndogo iliyosalia baada ya ugonjwa ndiyo iliyomeza karibu kazi yote ya mikono.

Panya walibaki. Wengi wameona hapo kisa cha paka kuondoka na panya kutawala, lakini watafiti wanahusisha zaidi ongezeko la panya na hali ya hewa ya kisiwa, ambayo imekuwa ya joto na kavu zaidi, na hivyo kurefusha msimu wao wa kuzaana. Walipokwisha kula sehemu kubwa ya wadudu, panya waligeukia makinda ya albatrosi, ndege mkubwa wa baharini ambaye, kwa kutojua adui wa aina hiyo, hutulia kiotani huku akitafunwa kichwa au mgongo usiku kucha. Serikali ya Afrika Kusini na shirika la BirdLife South Africa wanaandaa mpango wa kumwaga chambo chenye sumu kwa helikopta juu ya kisiwa chote, chenye kilomita za mraba zipatazo 290, bila kuruka hata kipande kimoja, kwa sababu panya jike mmoja mwenye mimba akisalia, kazi yote itakuwa bure.