Waliokufa Katika Vita vya Maji Maji Walikuwa Wangapi?

Waulize wanafunzi wa sekondari kwa nini wazee wetu walishindwa katika Vita vya Maji Maji, na mikono itanyooshwa papo hapo: silaha duni, kukosa umoja, imani katika maji ya dawa ya mganga Kinjikitile Ngwale. Pointi zote zimo daftarini, na mtihani utazipa alama. Sasa waulize, "Mmejuaje?" Darasa litanyamaza. Kimya hicho kinanisumbua sana katika kazi yangu ya kuwaandaa walimu, kwa sababu somo zima la historia limejengwa juu ya swali hilo.

Wala si kwamba hawakufundishwa. Mada ya vyanzo vya historia huja mapema kabisa, na mwanafunzi hukariri orodha yake: masimulizi, maandishi, akiolojia, makumbusho. Kisha mada inafungwa, na vyanzo havionekani tena mpaka anamaliza Kidato cha Nne. Ni kama kumkaririsha kijana majina ya nyavu zote bila kumpeleka baharini hata siku moja.

Napendekeza tuanze na idadi ya waliokufa. Makadirio rasmi ya Wajerumani yalikuwa watu 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa, aliyeitafiti vita hiyo miaka ya 1960, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Andika namba hizo ubaoni bila kutaja wenyewe, halafu uliza tofauti hiyo imetoka wapi. Wapo watakaosema kwamba mmoja amedanganya. Usiwakubalie upesi, wala usiwakatalie. Waulize jinsi mtu anavyoweza kuhesabu maiti katika nchi iliyochomwa moto. Hapo ndipo mahali pa kueleza kwamba majeshi ya Wajerumani yaliteketeza vijiji, maghala na mashamba kwa makusudi, ili njaa iwavunje watu ambao bunduki hazikuwafikia. Mama aliyekufa kwa njaa huko Ungoni baada ya mapigano kupita, je, amekufa vitani? Mwanafunzi akilitafakari swali hilo kwa dakika tano tu, hataisoma tena takwimu ya vita yoyote bila kuuliza nani alihesabiwa na nani aliachwa.

Kutoka hapo unaingia kwenye sababu za vita. Wasomee maelezo mawili, uliyoyafupisha mwenyewe. La kwanza linasema waganga waliwarubuni watu kwa dawa ya kugeuza risasi kuwa maji. La pili linasema watu walichoshwa na kulimishwa pamba katika shamba la jumbe, kwa ujira mdogo mno, huku maakida wakiwapiga, na kwamba vita ilianza mwezi Julai 1905 pale Wamatumbi walipong'oa pamba huko Nandete. Darasa likishabishana, ndipo utaje wenye maneno. Maelezo ya waganga aliyashikilia Graf von Götzen, gavana wa wakati ule, aliyechapisha kitabu chake Berlin mwaka 1909. Ni yeye aliyeuanzisha mpango wa mashamba hayo ya pamba. Wanafunzi wenyewe wataona kwa nini lawama ikiangukia waganga ilimfaa zaidi kuliko ikiangukia pamba.

Walimu wengi huishia hapo, na mimi naona ni mapema mno. Maelezo ya pamba yalitoka kwa wazee waliohojiwa mwishoni mwa miaka ya 1960, wakiwemo waliohojiwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Miaka zaidi ya 60 ilikuwa imepita. Nchi ilikuwa imepata uhuru, na Maji Maji ilikuwa imekwisha kuwa fahari ya taifa. Nayo haya yapimwe. Nawaheshimu wazee hao kwa dhati, na ndiyo maana nataka ushuhuda wao uchunguzwe kwa uzito uleule tunaouchunguzia wa gavana. Ushahidi usioulizwa swali haujapewa heshima yoyote.

Jambo moja zaidi kuhusu Kinjikitile. Wanafunzi wengi wanamfahamu kupitia tamthilia ya Ebrahim Hussein, *Kinjeketile*, ya mwaka 1969, kisha huyapeleka maneno ya mhusika kwenye insha ya historia kana kwamba yalitamkwa na Kinjikitile mwenyewe kule kwake Ngarambe. Mwalimu wa historia na mwalimu wa fasihi wakikaa pamoja kipindi kimoja, tatizo hilo litakwisha.

Najua pingamizi: darasa lina wanafunzi wengi, kipindi ni dakika 40, na mada hazijamalizika. Somo hili linahitaji ubao, chaki na vipindi viwili. Halihitaji kufanywa kila wiki; mara mbili kwa muhula zinatosha. Na pointi za mtihani hazipotei, kwa sababu aliyebishania pamba na njaa huzikumbuka bila kukaririshwa.

Kinachobaki ni usahihishaji. Mwanafunzi akiandika kwamba walikufa watu 300,000, akaishia hapo, mpe alama moja. Akiandika kwamba hana hakika, lakini makadirio ya Wajerumani anayaona madogo kwa sababu waliokufa kwa njaa ni vigumu kuhesabika, mpe alama tano, kisha mwandikie pembeni swali jingine: ungemwendea nani kuhakikisha?