Spika Zisimeze Maneno ya Taarabu

Taarabu ya visiwa vyetu ina desturi isiyopasa kusahauliwa: watu huenda kusikiliza maneno. Msikilizaji hulifuata shairi ubeti kwa ubeti, akalipata fumbo lililokusudiwa, ndipo huinuka kwenda kumtunza mwimbaji. Neno likipotea njiani, fumbo limekufa, hata fidla na ganuni zikipigwa kwa ustadi wa namna gani.

Kwa hiyo hapana budi kuutazama kwa makini ule mtambo wa vitufe vya kupandisha na kushusha uitwao ikwalaiza, ambao siku hizi umo kumbini na hata ndani ya simu za mkononi. Kazi yake ni kuigawa sauti mafungu, tangu nzito hadi nyembamba, ili kila fungu liongezwe au lipunguzwe peke yake. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo ya kuanzia 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Kishindo cha besi na ngoma hukaa zaidi chini ya 250. Konsonanti zinazomwezesha mtu kupambanua "pata" na "kata" hutegemea sana mitetemo iliyo baina ya 1,000 na 4,000. Simu za waya za zamani zilipitisha ya 300 hadi 3,400 tu, na watu walielewana.

Mazoea ya mafundi wengi, hata hivyo, ni kuinua besi upande mmoja na trebo upande wa pili, na kuacha bonde katikati. Bondeni humo ndimo anamozikwa mwimbaji. Asiposikika, fundi huongeza sauti yote, na maikrofoni huanza kupiga mayowe. Tena kuna gharama: kuliongeza fungu moja kwa desibeli 10 ni kuidai amplifaya nguvu mara 10 katika fungu hilo. Mtambo huelemewa, spika hukwaruza, na wahenga walikwisha kutuambia kwamba debe tupu haliachi kuvuma.

Hatusemi kwamba besi ni adui. Mwaka 1933 watafiti wa Marekani, Fletcher na Munson, walionyesha kuwa sauti inapokuwa ndogo, sikio hupungukiwa zaidi na besi. Basi anayesikiliza polepole nyumbani ana haki ya kuiongeza kidogo. Ukumbini, ambako sauti ni kubwa, sababu hiyo haipo.

Njia iliyo bora ni nyepesi. Vitufe vyote viwekwe katikati kwanza, kisha kinachozidi kipunguzwe kabla ya kuongeza kinachopungua. Kuta za mawe zikivumisha sauti, fundi ashushe kidogo mitetemo ya 100 hadi 300. Halafu aiache mashine yake, aende akakae safu ya nyuma. Ikiwa hayashiki maneno pale, kazi yake haijakwisha.

Jambo hili linahusu pia urithi wetu. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake. Santuri za zama zile hazikubeba sauti nyembamba kabisa. Atakayeinua trebo hapati ila mikwaruzo, na atakayeikata mno huondoa konsonanti pamoja na mikwaruzo hiyo. Wanaohamisha santuri na tepu kongwe kwenye kompyuta yafaa kwanza wahifadhi nakala isiyoguswa, ndipo wasafishe nakala nyingine. Kilichofutwa katika nakala ya pekee hakirudi.

Tunatoa rai kwa wakuu wanaohusika na utamaduni, utangazaji na kumbi za umma kwamba mafundi wa sauti wapatiwe mafunzo kama wapatiwavyo wapigaji vyombo, na kwamba mtambo usinunuliwe bila kufikiriwa atakayeuendesha. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2022 kwamba wastani wa sauti katika kumbi za burudani usizidi desibeli 100 kwa kila dakika 15. Kipimo hicho kingefaa kuandikwa katika masharti ya kukodi ukumbi, kwani sikio likiharibiwa kwa kelele halipati dawa ya kulirudisha.

Mtunzi hukesha akilitafuta neno moja lenye kufaa. Ni wajibu wetu kuona kwamba neno hilo linamfikia hata bibi aliyeketi mlangoni.