Binti wa Loresho Aliyetamba Wimbledon

Huenda wadhani tenisi ni mchezo wa wenye nazo. Basi panda matatu katikati ya jiji, upite Westlands hadi Loresho, ukaulize habari za Angella Okutoyi.

Alizaliwa 2004 pamoja na pacha wake, Roselida. Mama yao alifariki kwa uzazi. Walilelewa na nyanya yao, mfanyakazi wa usafi shuleni, katika chumba kimoja.

Januari 2022, Angella akawa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi ya chipukizi katika Australian Open. Julai mwaka huo, yeye na Mholanzi Rose Marie Nijkamp walitwaa taji la Wimbledon la wasichana wawili wawili. Seti ya kwanza walilazwa 3-6. Hawakufa moyo, wakanyakua ya pili 6-4, na pointi za kuamua mshindi 11-9. Mwaka 2024 akaleta dhahabu kutoka Michezo ya Afrika, Accra.

Kwa hivyo mzazi, mwanao akikuomba raketi, usimwambie, “Huo si mchezo wetu.” Muulize tu kama yu tayari kurauka.