Mahindi ghalani: Mwezi wa bei kubwa si mwezi wa faida kubwa

Mavuno yanapomalizika katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini na Kanda ya Kati, wafanyabiashara wa nafaka nchini Tanzania hukabiliwa na swali lile lile la kila mwaka: kuuza sasa, au kufunga ghala na kusubiri. Kwa kawaida bei ya mahindi huwa chini kati ya Juni na Agosti wakati magunia yanapomiminika sokoni. Baadaye hupanda, na hufikia kilele kati ya Januari na Machi, akiba za majumbani zinapokuwa zimekwisha na mahindi mapya bado yako shambani. Jambo hilo linafahamika kuanzia Kibaigwa hadi Tandale.

Kwa kuwa linafahamika, wengi hushikilia mzigo hadi Februari. Lakini si wachache wanaofungua ghala mwezi huo, bei ikiwa juu kuliko wakati wowote wa mwaka, wakajikuta wamepata hasara. Lawama hupelekwa kwa madalali, kwa mwenye ghala au kwa bahati mbaya. Mara nyingi hakuna wa kulaumiwa. Kilichotokea kingeweza kuonekana Julai, kwa kalamu na karatasi moja.

Wanahisabati wana jina la fankisheni kwa uhusiano ambao ukiutajia namba moja unakurudishia namba moja tu. Taja mwezi, upewe bei. Taja mwezi, upewe deni. Mfanyabiashara anayeweka mahindi anashughulika na fankisheni nne kwa wakati mmoja: bei, kodi ya ghala, riba na dumuzi. Kosa la kawaida ni kuitazama ile ya bei peke yake, tena kuitazama mahali pale ilipo juu kabisa.

Mstari wa bei

Chukua bei za mfano. Gunia la kilo 100 limenunuliwa Julai kwa 50,000/-. Agosti linafika 57,800/-, Septemba 64,400/-, Oktoba 69,800/-, Novemba 74,000/-, Desemba 77,000/-, Januari 78,800/- na Februari 79,400/-. Machi linarudi 78,800/-. Anayependa kanuni ataiandika hivi: 50,000, jumlisha 8,400 mara idadi ya miezi, toa 600 mara miezi mara miezi. Ukichora, unapata mstari unaopanda kwa kasi, unalegea, kisha unainama kama mgongo wa kilima.

Mfanyabiashara ayaangalie zaidi maongezeko ya mwezi hadi mwezi kuliko bei zenyewe. Mwezi wa kwanza gunia linaongezeka 7,800/-. Mwezi wa pili 6,600/-. Kisha 5,400/-, 4,200/-, 3,000/-, 1,800/-, na mwezi wa mwisho kabla ya kilele 600/- tu. Sehemu kubwa ya kupanda kwa bei imekwisha kabla ya Krismasi. Anayesubiri kutoka Januari hadi Februari anasubiri mia sita.

Haikuwa hivi siku zote. Katika miaka ya 1970, serikali ilipokuwa ikipanga bei moja ya mahindi kwa nchi nzima na Shirika la Taifa la Usagishaji, yaani NMC, likiwa mnunuzi mkuu, mstari wa bei rasmi ulikuwa umelala kama meza. Hapakuwa na malipo ya kusubiri, na gharama ya kusubiri ilibebwa na shirika. Biashara ya nafaka ilipofunguliwa kuanzia miaka ya 1980, kilima kikajitokeza, na gharama ya kusubiri ikahamia kwa mwenye ghala.

Mistari mitatu inayokula

Kodi ya ghala ni rahisi kuliko zote. Kama ni 500/- kwa gunia kwa mwezi, miezi saba ni 3,500/-. Huo ni mstari mnyoofu, na hautishi.

Riba hupinda. Aliyekopa 50,000/- kwa asilimia 4 kwa mwezi, riba ikizaa riba, anadaiwa 52,000/- Agosti, 56,243/- Oktoba, 60,833/- Desemba na 65,797/- Februari. Kama mkopeshaji wake anatoza asilimia 4 ya deni la awali tu, mstari unakuwa mnyoofu na Februari anadaiwa 64,000/-. Tofauti kati ya mkopo wa namna moja na nyingine kwa miezi saba haifiki 2,000/-. Watu hubishana sana juu ya riba inayozaa riba, lakini kwa msimu mmoja wa mahindi siyo inayoua mtaji. Asilimia yenyewe ndiyo nzito, namna yoyote inavyohesabiwa.

Kinachoua ni dumuzi. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kati, na hapa Afrika Mashariki alianza kuonekana mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakulima wakampa jina la Scania. Dumuzi haongezeki kwa kujumlisha, bali huzaliana, na watoto wake nao huzaliana, kwa hiyo hasara yake hufuata mstari wa kurudufu. Tuseme ghala halikutiwa dawa na mwezi wa kwanza umepotea nusu kilo katika gunia. Ikiwa hasara inajirudufu kila mwezi, Septemba imepotea kilo 1, Oktoba 2, Novemba 4, Desemba 8, Januari 16 na Februari 32.

Hapo ndipo mtego ulipo. Mwenye ghala anakagua Oktoba, anaona unga kidogo chini ya magunia, kilo mbili katika mia, anasema si kitu. Jicho lake linaendeleza mstari mnyoofu: kama ni mbili kwa miezi mitatu, basi ni tano hivi kwa miezi saba. Mdudu yeye ana hesabu nyingine.

Kujumlisha yote

Mistari minne ikiwekwa pamoja, faida ya gunia la mkopo lisilo na kinga inakuwa hivi: Agosti 5,011/-, Septemba 8,676/-, Oktoba 10,661/-, Novemba 10,547/-, Desemba 7,507/-. Januari ni hasara ya 74/-. Februari, mwezi wa bei kubwa kuliko yote, ni hasara ya 15,305/-. Na hapo imechukuliwa kwamba mnunuzi atalipa bei kamili kwa kilo zilizobaki. Mahindi yenye matundu na unga hayapewi bei kamili popote.

Kilele cha bei ni Februari na kilele cha faida ni Oktoba. Kati yao kuna miezi minne na karibu 26,000/- kwa kila gunia. Mwenye magunia mia anaweza kuzidisha mwenyewe.

Je, mifuko isiyopitisha hewa inabadilisha nini? Mifuko hiyo, ambayo wengi huiita PICS, ilianzia katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani uliofanywa kwa ajili ya kunde za wakulima wa Cameroon mwishoni mwa miaka ya 1980. Mdudu aliyefungiwa humo humaliza hewa na kufa, mradi mahindi yameingia yakiwa makavu, unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mahindi mabichi yakifungiwa yataota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu.

Mstari wa dumuzi ukifutwa, faida ya gunia la mkopo hufika 12,057/- Oktoba, 13,507/- Novemba, 13,667/- Desemba, kisha inashuka hadi 12,534/- Januari na 10,103/- Februari. Kilele kimesogea miezi miwili, hakikufika Februari. Sasa toa bei ya mfuko. Kama ni 5,000/- na utatumika msimu mmoja tu, faida ya Desemba inabaki 8,667/-, yaani chini ya ile 10,661/- ya aliyeuza Oktoba bila mfuko. Ukitumika misimu miwili, gharama yake kwa msimu ni 2,500/- na faida inakuwa 11,167/-. Misimu mitatu, 12,000/-. Kwa hesabu hii mfuko unalipa pale tu unapotunzwa usitoboke, na anayeutupa baada ya msimu mmoja afadhali angeuza mapema.

Mwenye fedha zake mwenyewe, bila mkopo na bila dumuzi, ndiye pekee ambaye kilele chake kinafika Februari: 25,900/- kabla ya kutoa bei ya mfuko. Lakini Januari alikuwa na 25,800/-. Amekaa mwezi mzima na mtaji wa karibu 79,000/- ndani ya gunia kwa ajili ya shilingi mia moja. Fedha hiyo hiyo ingenunua maharage, ingelipia mbolea ya msimu, au ingewekwa benki.

Kwa wasiopenda jedwali refu, ipo njia fupi inayotoa jibu lile lile. Kila mwisho wa mwezi linganisha mambo mawili: bei inatarajiwa kuongeza kiasi gani mwezi ujao, na kukaa mwezi mmoja zaidi kutagharimu kiasi gani. Kwa gunia la mkopo lililofungwa kwenye mfuko, Novemba kuingia Desemba bei inaongeza 3,000/- na gharama ni 2,840/-, riba 2,340/- na ghala 500/-. Inalipa, kwa shida. Desemba kuingia Januari bei inaongeza 1,800/- na gharama ni 2,933/-. Uza.

Daftari

Namba za hapo juu ni za mfano, na kila mtu anapaswa kuweka zake. Umbo la kilima hutofautiana mahali na mahali. Sehemu zenye misimu miwili ya mvua, kama Kilimanjaro, Arusha na Tanga, hupata mahindi ya vuli karibu na Januari na Februari, hivyo kilele chao hukatwa mapema. Bonde la Ufa nchini Kenya huvuna Oktoba hadi Desemba, na kalenda yote husogea. Anayenunua Songea akauza Moshi anafuata mistari miwili, pamoja na nauli ya lori.

Njia ya kupata mstari wa kwako ni kuandika bei ya soko lako kila wiki, siku ile ile, kipimo kile kile. Mwisho wa mwaka gawanya kila bei kwa bei ya wiki ya mavuno. Miaka mitatu ya daftari kama hilo huonyesha umbo, hata kama bei zenyewe zimepanda kwa mfumuko. Neno juu ya kipimo: hesabu hii ni ya kilo, si ya gunia. Anayenunua lumbesa na kuuza kwa mizani, au kinyume chake, atapata faida au hasara isiyotokana na mwezi wowote, na daftari lake halitamwambia kitu.

Kisha kuna yale ambayo daftari haliwezi kuyaona. Juni 2017 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kusafirisha mahindi nje ya nchi. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na ingawa zuio hilo liliondolewa kwa masharti ndani ya wiki moja, malori yaliyokuwa mpakani yalikuwa yamekwisha simama. Siku kama hizo mstari wa bei haupindi, hukatika. Mwenye deni anaendelea kudaiwa kwa mstari wake wa zamani.

Hilo ndilo la kupima Oktoba. Kwa gunia la mkopo lililo salama dhidi ya dumuzi, hesabu tupu inasema subiri Desemba, kwa maana 13,667/- ni zaidi ya 12,057/-. Tofauti ni 1,610/-. Kwa kiasi hicho mfanyabiashara anaacha mzigo wenye thamani ya karibu 70,000/- ukae ghalani miezi miwili zaidi, mali yake ikiwa wazi kwa tangazo lolote la redio. Wapo wanaogawa: wanauza Oktoba magunia ya kutosha kufuta deni, na kubaki na machache wasiyodaiwa. Mwenye magunia kumi, deni lake likiwa limefika 562,430/- na kodi ya ghala 15,000/-, anahitaji kuuza tisa ili kumaliza vyote. Moja linalobaki, na 50,770/- mkononi, ni lake hadi Februari.