Fimbo ya ng'ombe Likasi, Kongo: lipia ncha, usilipie unene

Kama una mbuzi wawili wa kupeleka sokoni kesho, usinunue kitu. Kata ufito njiani, makuta yako yabaki mfukoni. Fimbo ya kununua ni ya mwenye ng'ombe wa kuswaga kila siku.

Ya mpira wa tairi ni ya bei ndogo, na mvua haiiwezi. Ubaya wake ni uzito. Pigo lake huvilisha damu ndani, na machinjioni nyama iliyovilia hukatwa ikatupwa. Makovu nayo hushusha bei ya ngozi. Hasara hiyo haimo katika bei unayotajiwa.

Kamba ya nailoni haiozi, lakini ncha hufumuka. Ichome kwa moto kidogo. Kwa mbuzi yatosha. Fahali hataisikia.

Mimi ningenunua ya ngozi ya ng'ombe iliyosukwa. Fundi mzuri hukata kipande cha duara kwa kuzunguka, kutoka ukingoni kuelekea kati, apate ukanda mmoja mrefu usio na kiungo. Huuloweka, hupara manyoya, huugawa nyuzi nne, huzisuka zingali mbichi, kisha huianika fimbo kivulini. Iliyoanikwa juani hupasuka mapema. Ikunje mbele ya muuzaji: ukiona mistari myeupe ya nyufa, irudishe. Inuse pia. Inayonuka imeanza kuoza, hata ikipakwa mafuta ing'ae namna gani.

Usidanganywe na unene. Mlio hutoka nchani, pale inapokwenda kasi kuliko sauti, na mlio ndio unaomsogeza ng'ombe bila kumgusa. Kwa hiyo ncha iwe nyembamba, ya uzi unaoweza kubadilishwa. Ikiwa ncha imeshonewa moja kwa moja, siku ikikatika utanunua fimbo nzima.

Ongeza mafuta kwenye hesabu. Ngozi isiyopakwa hukakamaa kiangazi, na masika hulainika ikaoza. Itundike juu, mbwa na panya wasiifikie. Na uulize bei kwa franga: ukitajiwa dola, muuzaji ndiye atakayechagua kiwango cha kubadilishia.

Ya ngozi ya kiboko iache. Ni ghali, na tangu 1995 biashara ya kiboko kuvuka mipaka inataka hati ya CITES, mkataba wa biashara ya wanyamapori; ukifika nayo mpakani Kasumbalesa bila hati, unaweza kunyang'anywa.

Kuna na wanaoitaka kwa ajili ya historia. Likasi ilipoitwa Jadotville, fimbo hiyo ilikuwa adhabu halali ya Wabelgiji, hadi ilipofutwa 1959. Lakini ngozi mpya ikifukizwa moshi na kupakwa mafuta huonekana ya babu baada ya siku chache, na neno "ya kikoloni" hupandisha bei bila ushahidi wowote. Kwa makuta hayo heri mchoro wa Colonie belge, wa aina aliyoichora mchoraji Tshibumba Kanda Matulu miaka ya 1970: mfungwa chini, askari ameinua fimbo, Mbelgiji anatazama. Mchoro hauulizwi hati ya mnyama.